Shemasi na daftari la majina

Shemasi akiwekewa mikono Jumapili, Jumatatu watu wa Kasulu wameshaanza kumuuliza: "Mchungaji, ukasisi lini?" Wanauliza kwa upendo, lakini swali hilo linaniuma, maana linaonyesha sisi walimu tumewaacha waumini waamini kwamba ushemasi, daraja linalotangulia ukasisi, ni benchi la kusubiria: mtu anakaa hapo mwaka mmoja, kisha anaitwa ndani. Mimi nafundisha wanaoandaliwa kwa daraja takatifu la Kanisa la Anglikana hapa Kigoma, na kila mwaka somo langu la kwanza ni hilo benchi. Nataka liondoke vichwani mwao kabla hawajavaa joho.

Neno "shemasi" limetufikia kupitia Kiarabu, na maana yake ni mhudumu, sawa na neno la Kiyunani lililomo katika Agano Jipya. Tunapenda kuanzia Matendo ya Mitume sura ya 6, ingawa Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuwaita mashemasi wale watu saba. Kanisa ndilo lililoiona huduma hii ndani yao. Tusome taratibu kilichotokea. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wakati wajane wa Waebrania wanapata. Wenzao wakanung'unika. Mitume wakaliambia kanisa lichague watu saba. Sasa angalia majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani. Inavyoonekana, kanisa lilikabidhi mgawo kwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika.

Mkoa wetu unapaswa kuisikia habari hiyo kwa masikio mawili. Tuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo na baadaye ikawapokea Warundi wengi. Tuna wavuvi wanaohamahama ziwani, tuna wafugaji waliohamia Uvinza na ng'ombe wao. Anayesahauliwa katika parishi zetu mara nyingi ni yule ambaye lugha yake si ya wazee wa baraza. Shemasi anatakiwa awe wa kwanza kumwona.

Tuingie kwenye ibada yenyewe. Katika mapokeo ya Kianglikana, makasisi hushirikiana na askofu kumwekea mikono kasisi mpya. Kwa shemasi, askofu huweka mikono peke yake. Kabla ya hapo kusanyiko huulizwa kama kuna anayejua kikwazo chochote, na swali hilo si la mapambo. Mwenye neno analisema hapo. Kisha, kwa utaratibu wa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, shemasi hupewa Agano Jipya mkononi, na mmoja wa waliowekwa siku hiyo husoma Injili.

Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale askofu anapomtajia kazi zake. Atasaidia katika ibada na kwenye Meza ya Bwana, atasoma Maandiko, atafundisha vijana katekisimu, atahubiri akipewa ruhusa na askofu. Halafu linakuja hili: awatafute wagonjwa, maskini na wasiojiweza wa parishi, ampelekee mchungaji hali zao, majina yao na mahali wanapoishi, ili wasaidiwe kwa sadaka za waumini. Awatafute! Kitabu hakikusema awasubiri ofisini.

Niliwahi kufuatana na shemasi mmoja kwenye vijiji vya milimani. Tulifika kwa bibi aliyepooza upande mmoja. Shemasi aliamkia kwa Kiha, "mwakeye", akavuta kigoda, akakaa. Biblia ilibaki kwenye mkoba. Aliongea naye habari za maharage na mvua, huku macho yake yakizunguka: dumu moja la maji, kavu, mjukuu wa kike wa miaka kama minane, kadi ya kliniki imechomekwa ukutani. Ndipo akasoma zaburi, wakaomba. Tulipotoka akafungua daftari la shule na kuandika jina la bibi, nyumba ya tatu baada ya mwembe, maji anachota mtoto, bondeni. Jumapili hakulitaja jina hilo madhabahuni, na alifanya vyema, kwani umaskini wa mtu si tangazo. Aliwaona wazee na kiongozi wa kwaya pembeni. Vijana wa kwaya wakagawana zamu za maji.

Shemasi haongozi Ushirika Mtakatifu wala hatangazi ondoleo la dhambi. Hizo ni kazi za kasisi. Wengine husikitika, wakidhani amepunguziwa kitu. Wamkumbuke William Jones, mtumwa aliyekombolewa, aliyewekwa kuwa shemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885 katika pwani ya Kenya. Miezi michache baadaye walikuwa njiani kwenda Buganda. Askofu alitangulia na wapagazi hamsini, akamwachia Jones msafara uliobaki. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo. Shemasi yule aliwangoja, akapokea habari za msiba, akawarudisha watu wake hadi Rabai, kwenye kituo cha misheni karibu na Mombasa, mwanzoni mwa 1886. Hakuwa kasisi bado. Alikuwa na watu wenye njaa na huzuni, akawafikisha nyumbani.

Kwa anayesikia wito huu, njia inaanzia nyumbani kwake: mchungaji wa parishi, wazee wanaomfahamu, kisha dayosisi, mahojiano na mafunzo. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mashemasi wasiwe wenye kauli mbili, na wajaribiwe kwanza. Kwa hiyo majirani wataulizwa, na mke ataulizwa. Mimi nami nina swali langu, na nauliza kabla ya cheti chochote: nitajie wagonjwa wa mtaa wako. Kijana mmoja alinyamaza kabisa. Nikamwambia arudi akiwa na jibu. Baada ya wiki mbili alikuja na majina tisa, na la kwanza lilikuwa la mzee ambaye ua wake unapakana na kanisa.