Kiwewe hakiishii kwenye ugonjwa mmoja

Dereva mmoja wa lori, ambaye nimebadilisha baadhi ya habari zake ili asitambulike, aliletwa kliniki na mkewe kwa sababu ya pombe. Alikataa kiti nilichomwonyesha, akachagua kinachotazama mlango, na kila pikipiki ilipopita nje kwa kishindo alinyamaza katikati ya sentensi. Faili lake lilikuwa na majina matatu ya maradhi yaliyoandikwa katika miaka tofauti: sonona, uraibu wa pombe na, mara moja, saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza mshiko wa uhalisia. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba alimshuhudia utingo wake akiteketea ndani ya lori.

Likitajwa neno kiwewe, yaani jeraha la moyoni linaloachwa na mkasa, wengi wetu huwaza ugonjwa mmoja tu, ule wa msongo wa baada ya kiwewe, ulioingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Hata hivyo, utafiti wa madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watu waliopitia aina nne au zaidi za masaibu utotoni walikabiliwa na hatari kubwa zaidi, kati ya mara 4 na 12, ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia lolote. Tafiti za baadaye zimeonyesha uhusiano wa namna hiyo hata kwa saikosisi. Mfumo wa tahadhari katika ubongo, ukishazoea hatari, hukesha hata hatari inapokwisha. Mmoja hukosa usingizi, mwingine hufa ganzi moyoni, mwingine hunywa ili alale.

Sikubaliani, lakini, na mtindo wa siku hizi wa kuona kiwewe kila mahali. Wengi wanaopatwa na mikasa hawaugui kabisa, na yapo maradhi, kama lile la hisia mseto (la kupanda na kushuka mno kwa hisia), ambayo urithi una nafasi kubwa mno ndani yake. Wala kumshinikiza mtu asimulie yote mara baada ya mkasa si tiba; kwa baadhi ya watu huzidisha dalili.

Kwa yule dereva tulianza na usingizi, kwa kuwa pombe ndiyo iliyokuwa dawa yake ya kulala. Habari ya utingo aliitaja mwenyewe siku ya nne ya kliniki, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango.