Liache kombe kabatini, fumba macho ukimbie

Wanamichezo wengi wanaokuja kwangu wameshaambiwa na mtu wa motisha: "Fumba macho, jione umenyanyua kombe." Raha tupu, lakini kombe halimfundishi mtu kupiga penalti. Kinachosaidia ni kuipitia kazi yenyewe kichwani, kwa mwendo wake halisi.

Mwendo ndio ninaoanza nao. Mkimbiaji wa mita 1500 namsimamisha akiwa na viatu vyake vya kukimbilia, anafumba macho. Akiisikia kengele ya mzunguko wa mwisho kichwani mwake anasema "sasa", nabonyeza saa. Akivuka mstari anasema "tayari". Kama uwanjani huumaliza kwa sekunde 64, na hapa kamaliza kwa 35, kuna mahali kaparuka. Mara nyingi ni ule upande wa pili wa uwanja, miguu inapoanza kuwa mizito. Tunarudia, na sasa namhoji. Nani yuko mbele yako? Kiwiko cha nani kinakugusa? Pumzi ikoje? Ukimtazama utaona mabega yanapanda na vidole vinajikunja. Hapo hapo, bila kufumbua macho, ayalegeze mabega na aendelee kukimbia.

Wayne Rooney, mshambuliaji wa zamani wa Manchester United, aliwahi kueleza kwamba kabla ya mechi alikuwa akimuuliza mtunza vifaa timu itavaa jezi, bukta na soksi za rangi gani, ili usiku ajione akicheza ndani ya sare hiyo hiyo. Wapo wanaocheka, mimi namwona alijua anachofanya. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka hata mtu anapouwaza tu mwendo huo, kwa hiyo picha ikiwa karibu na hali halisi, zoezi linakuwa na faida zaidi.

Na hali halisi ina mikosi yake. Bob Bowman, kocha wa muogeleaji Mmarekani Michael Phelps, alimzoesha tangu ujana kuliogelea shindano kichwani, pamoja na yale yanayoweza kwenda kombo. Kwenye fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, miwani yake iliingia maji hadi akawa haoni ukuta. Akahesabu mapigo ya mikono mpaka akaugusa: dhahabu, na rekodi ya dunia ya 1:52.03.

Nisieleweke vibaya, mazoezi ya uwanjani yako pale pale. Anayeanza kujifunza kurusha mkuki simfumbishi macho kabla hajaujua urushaji, maana atalikariri kosa. Wapo pia wasioona picha yoyote kichwani. Hao nawaambia wausikilize mwili, uzito wa mguu, mgongo unavyojipinda. Na mpigaji ambaye kila akifumba macho mpira unagonga mwamba, namwambia afumbue, aweke mpira chini, apige kwanza penalti za kweli.

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Akianza kusinzia, tumemaliza kwa siku hiyo.