Chumvi na siki hazishiki rangi, na mengine tunayoaminishwa kuhusu kufuma na kutia rangi za mimea

Kitambaa changu cha kwanza cha pamba nilikitia rangi ya bitiruti. Nikachemsha, nikaweka chumvi, nikamimina na siki kama nilivyoelekezwa, kikatoka chekundu cha kung'aa mpaka nikakianika mbele kabisa kila anayepita akione. Kufua mara ya kwanza kikawa waridi, mara ya pili kikawa kama kimemwagikiwa juisi, mara ya tatu kimerudi cheupe chenye madoa ya kijivujivu. Nikaamini mkono wangu haufai, na karibu mwaka mzima sikugusa tena sufuria ya rangi. Ndo maana naandika hii, maana watu wengi nnaowaona wanaacha kufuma au kutia rangi hawakushindwa na kazi yenyewe, walipewa maelezo yasiyo ya kweli halafu wakajilaumu wao.

Basi tuanze na hiyo hiyo.

"Weka chumvi na siki, rangi itashika"

Hapana. Hii imesambaa kila mahali na ina chanzo chake, kwa sababu kuna rangi za viwandani ambazo chumvi inazisukuma ziingie kwenye pamba, na kuna nyingine za sufu ambazo bila siki hazikamati, kwahiyo mtu kasikia huko kaleta huku kwenye majani na maganda ambako kemia ni nyingine kabisa. Kwenye rangi za mimea siki inabadilisha tu uchachu wa maji, rangi inaweza kugeuka mbele ya macho yako ukadhani imeshika, kumbe imegeuka tu. Chumvi ndo haifanyi cha maana.

Kinachoshika ni modanti, yaani kile kitu kinachosimama katikati, mkono mmoja kimeshika uzi na mkono mwingine kimeshika rangi. Modanti inayotumika zaidi ni shabu, yale mawe meupe yanayoangaza kama barafu ambayo watu husafishia maji. Ndani yake kuna alumini, na hiyo alumini ndo inafanya kazi. Uzi wa sufu gramu 100 ukiwa mkavu unataka shabu gramu 10 mpaka 15, unaiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto pembeni, unamimina kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, unazamisha uzi ulioshalowa, unapandisha moto taratibu mpaka karibu kuchemka ila usichemke, unauacha saa moja, unazima, na uzi unapoa humo humo. Kwa macho hakuna kilichobadilika, uzi ni ule ule. Ukiuingiza kwenye rangi ndo utaona tofauti.

Pamba ni ngumu zaidi na hapa ndo wengi tunaangukia. Sufu ni protini, inaipokea shabu vizuri, lakini pamba na kitani ni za mmea, shabu peke yake inateleza. Lazima utangulize tanini, kile kitu chenye ukakasi kinachokausha ulimi ukionja ganda la komamanga. Unaloweka kitambaa kwenye maji ya tanini kwanza, halafu ndo shabu. Na hata kabla ya tanini kuna kuosha, na sisemi kuosha kwa sabuni na maji baridi, nasema kuchemsha na magadi saa nzima. Chukua kitambaa cheupe kipya kinachoonekana kisafi kabisa, kichemshe na magadi, angalia maji, yanatoka rangi ya chai ya rangi. Hiyo yote ni nta na mafuta ya pamba yaliyokuwa yanazuia rangi isiingie. Mara ya kwanza kuyaona yale maji nilikaa nayatazama tu, nikawaza kitambaa changu kile cha bitiruti hakijawahi kuoshwa hivyo hata siku moja.

Na hata ningefanya yote hayo, bitiruti ingenitoka tu, kwa sababu rangi yake haivumilii jua wala kufuliwa. Sio kila kinachochafua vidole ni rangi ya nguo. Bizari ya manjano nayo inashika bila modanti yoyote, inang'aa kweli kweli, ila jua linaila haraka. Ukiwa unaanza, maganda makavu ya kitunguu kwenye sufu yenye shabu yatakupa dhahabu na rangi ya kutu bila kukuvunja moyo.

"Rangi za asili zote zinafifia"

Sasa hii inatoka kwa watu kama mimi niliyeanza na bitiruti. Mpaka 1856 karibu kila nguo ya rangi duniani ilikuwa na rangi ya mmea, mdudu, konokono au udongo, ndo mwaka huo William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 Uingereza, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, maabara akajikuta na zambarau. Kabla yake unadhani watu walikuwa wanavaa nguo zinazochuja tu? Huaca Prieta, Peru, kumepatikana vipande vya pamba vilivyotiwa nili, rangi ya bluu ya mmea, miaka 6,000 hivi iliyopita na bluu bado inaonekana. Zulia la Pazyryk lililotolewa kwenye kaburi la barafu Siberia lina zaidi ya miaka 2,000 na nyekundu yake ipo, ingawa barafu ilisaidia sana hapo, niseme ukweli.

Inategemea mmea gani na umeushikisha na nini. Nili, mizizi ya mmea uitwao Rubia tinctorum, na kochinili, wale wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, hizo zinadumu. Usiniamini mimi, kata kipande cha kitambaa ulichotia rangi, nusu ifunike na karatasi nene, nusu iache wazi dirishani penye jua wiki mbili tatu, ukifunua utajua mwenyewe rangi yako ni ya shati au ya kutazama tu.

"Ni ya asili kwahiyo haina madhara"

Hapa naomba tuwe makini. Mmea unaweza kuwa na sumu, na modanti sio zote ni sawa. Vitabu vya zamani utakuta vinataja kromu, bati na shaba, kromu ni hatari kwa anayeitumia na kwa maji unayoyamwaga, achana nayo kabisa, shabu na chuma vinakutosha maisha yote. Chuma chenyewe kidogo tu, asilimia 1 au 2 ya uzito wa uzi, kinatia giza rangi, kijani inakuwa ya msituni na tanini inakuwa kijivu mpaka nyeusi, ila ukizidisha kinakula uzi, ndo maana nguo nyeusi za kale nyingi zinakatika zenyewe zikiguswa. Vaa barakoa unapopima unga wa modanti, fungua madirisha, na sufuria ya rangi isirudi jikoni kupikiwa, hata ukiisugua vipi.

"Ukitaka bluu nzito acha kitambaa kikae sana kwenye nili"

Nili ina tabia yake na mi naipenda kuliko zote. Haiyeyuki kwenye maji, unaweza kuchemsha unga wake siku nzima usipate kitu. Lazima uinyang'anye oksijeni kwenye maji yenye chokaa, kuna mchanganyiko rahisi watu wengi wanaanza nao, nili sehemu 1, chokaa sehemu 2, sukari ya matunda sehemu 3. Ikiwa tayari, juu inafanya utando wa rangi ya shaba na povu la bluu, ila ukipenyeza kijiko ukatazama chini maji ni ya njano ya kijani, ukiona bado ni ya bluu subiri, haijawa tayari.

Unaingiza kitambaa kilicholowa polepole kama unamlaza mtoto, bila mapovu, kwa sababu kila povu linarudisha oksijeni. Dakika chache, unakitoa kinachuruzika na ni kijani! Unakishika hewani na kijani inaanza kukimbia kutoka kwenye kingo, bluu inaingia, mpaka ndani ya mikunjo. Nimeona mara nyingi na bado huwa naita watu waje kuangalia. Sasa bluu nzito inatokana na kurudia hivyo mara nyingi, zamisha, pepea, zamisha, pepea, mara 6 au 8. Ukikilaza humo usiku kucha unapata bluu inayochafua mikono tu.

"Kufuma kunataka kipaji na subira, na ni mambo ya bibi"

La bibi nalimaliza haraka. Vipande vya zamani kabisa vya kufuma kwa sindano zaidi ya moja tunavyovijua vimetoka Misri, kuna soksi za pamba za bluu na nyeupe za karne ya 11 mpaka 14 hivi, mfumaji hatujui alikuwa nani. Kisiwa cha Taquile kule ziwa Titicaca, Peru, kofia zinafumwa na wanaume na UNESCO iliutambua ufumaji wa pale 2005. Vitambaa vya kente vya Ghana vimefumwa na wanaume vizazi na vizazi. Kwahiyo kaka unayesoma hii huku umeficha sindano zako, zitoe.

Kipaji sasa. Nimekaa na watu wengi wanaoanza na tatizo lao ni moja, wanakaza. Mtu kaambiwa kazi imara ni ile iliyokazwa, basi anavuta uzi mpaka kitanzi kinakaba sindano, sindano inayofuata haipenyi, vidole vinauma, mabega yamepanda masikioni, baada ya safu nne anasema mi siwezi. Ukubwa wa kitanzi unaamuliwa na unene wa sindano, sio na nguvu zako. Uzi uache upite kati ya vidole kama unavyoteleza. Na tafadhali anza na uzi wa rangi nyepesi, laini usio na manyoya, unene wa kati, sio mweusi, kwa sababu kwenye mweusi vitanzi havionekani na utakuwa unafuma kwa kupapasa.

Subira je? Wafumaji wengi nnaowajua hawana subira kabisa, wanachojua ni kurekebisha. Kitanzi kikidondoka safu tano chini sio lazima ufumue zote, fuata ile ngazi ya nyuzi iliyobaki, chukua sindano ya kroshia, ingiza kwenye kitanzi kilichodondoka, vuta kijiti cha kwanza cha ngazi kipite ndani, halafu cha pili, cha tatu, kinapanda mpaka juu kinarudi kwenye sindano. Ukishaweza hicho kitu kimoja woga unaisha. Na kufumua kwenyewe sio hasara, uzi bado ni uzi.

"Kipande cha kupimia ni kupoteza muda"

Ni kile kipande kidogo unachofuma kwanza kujua mkono wako unatoa vitanzi vingapi. Piga hesabu. Paterni, yaani maelekezo ya kazi, inasema vitanzi 20 kwa sentimita 10, sweta ina vitanzi 200 kuzunguka, yaani sentimita 100. Mkono wako wewe unatoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, tofauti ya vitanzi viwili tu ambavyo kwa macho huvioni, sweta yako inatoka karibu sentimita 91. Wiki sita za kazi halafu haipiti kifuani. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndo upime katikati, usipime kikiwa bado kwenye sindano.

Na kufua sufu, watu wanaogopa maji ya moto. Moto peke yake hauna shida, si tumepika sufu na shabu hapo juu saa nzima? Kila unyoya wa sufu una magamba madogo sana, ukiisugua sugua au ukiitoa kwenye moto ukaitia kwenye baridi ghafla magamba yananasana na sweta inakuwa ngumu na ndogo kama ya mtoto. Pandisha polepole, poza polepole, usisugue.

"Bila mashine kubwa huwezi kufuma kitambaa"

Kuna vitambaa vya ajabu vimefumwa kwa vijiti, kamba na mkanda wa kiunoni, upande mmoja umefungwa kwenye nguzo, upande mwingine umeshikwa na mwili wako, ukiegemea nyuma mtande, yaani zile nyuzi za urefu zilizovutwa, unakaza, ukisogea mbele unalegea. Hata kadibodi ngumu yenye meno yaliyokatwa juu na chini inakufundisha. Cha kuangalia ni uzi wa mtande, shika kipande mikono miwili uvute kwa ghafla, ukikatika au ukiachana kama sufi uweke uwe wa mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukatiza mtande, mtande ndo unabeba mzigo wote.

Halafu kuna lile la kitambaa kinachoanza na upana wa sentimita 20 na kuishia 15, kama kimefungwa mkanda katikati. Mtu anaambiwa hana mkono. Mkono upo, ni mshindio umelazwa umenyooka. Uzi wa mshindio unapanda na kushuka juu ya kila uzi wa mtande, hiyo njia ni ndefu kuliko mstari ulionyooka, kwahiyo usipoupa urefu wa ziada utauchukua kwa kuvuta kingo ndani. Ulaze kwa mwinuko, kama kilima kidogo kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, ndo uushindilie. Weka rula pembeni, pima kila baada ya safu kumi, ukiona umepungua hata nusu sentimita, kilima chako ongeza.