Muwasho wa kule chini, angalia kwanza unaishia wapi

Wanaume tuna tabu. Mtu anaingia kliniki kwangu, anaanza na mgongo, anaulizia chunusi za mwanae, akishashika kitasa cha mlango ndo anageuka, "dokta, halafu kuna na huku..."

Juzi kaja kijana wa bodaboda, yuko juu ya pikipiki toka saa 11 alfajiri, jinzi imembana, na jua la Dar mnalijua wenyewe. Miezi minne anawashwa, mchumba ashamtuhumu. Kanitolea tyubu tatu kwenye mfuko wa rambo, zote za duka la dawa, na zote ukisoma yale maandishi madogo ni mchanganyiko, dawa ya fangasi, ya bakteria, na betamethasoni humohumo. Hii betamethasoni ni steroidi, inatuliza muwasho siku mbili unadhani umepona kumbe imelaza kinga ya ngozi na fangasi inasambaa kimyakimya, ukiacha kupaka inarudi kwa hasira. Ile duara yenye ukingo mwekundu inayotambulisha fangasi ilishafutika, ikabidi nikwangue magamba niyaweke kwenye darubini ndo nikaiona.

Halafu ngozi ya korodani ni nyembamba mno, inafyonza steroidi karibu mara 40 kuliko ngozi ya mkono. Yake ilikuwa nyekundu inaunguza kama imepakwa pilipili, na mapajani kashapata michirizi kama ya tumbo la mama aliyejifungua, hiyo haifutiki tena.

Kwa hiyo kabla hujapaka chochote shika kioo. Fangasi ya mapaja inakaa kwenye mkunjo inashukia pajani, korodani mara nyingi inaziruka. Zikiwasha korodani zenyewe na ngozi imekuwa nene, mara nyingi ni aleji ya sabuni au ni kujikuna kumeshakuwa mazoea. Vipele kwenye uume, muwasho unazidi usiku na mwenzako naye anajikuna, huo ni upele wa kuambukizana (skabi), mnatibiwa nyumba nzima siku moja. Kichwa cha uume kinakuwa chekundu na utando mweupe, unatibu unarudi, kapime sukari. Kidonda au usaha usibahatishe, nenda kapime leo.

Fangasi yenyewe dawa yake rahisi tu, klotrimazoli tupu asilimia 1, asubuhi na jioni, wiki 2 mpaka 4, na ukiona pamesafika usiache, ongeza wiki. Osha kwa maji na sabuni isiyo na marashi, kausha vizuri. Spiriti na ndimu waachie wengine (ndimu jamani, kwenye ngozi iliyochubuka!).

Yule kijana nikamwambia avue viatu. Katikati ya vidole pamelika peupe, fangasi tele, na kila asubuhi boksa inapita hapohapo ikipanda nayo juu. Sasa anatibu miguu na mapaja kwa pamoja, anavaa soksi kwanza ndo boksa, anasema mchumba anamcheka kweli.