Si chanjo iliyoua kuku wako

"Daktari, kuku wangu walikuwa wazima kabisa. Chanjo ndiyo iliyowamaliza." Safari hii aliyeniambia ni mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, na nimechoka kulisikia neno hilo. Mama huyu ana moyo mzuri. Alichukua kuku saba wa mayai waliochoka kutaga, shamba likiwauza kwa bei ya kutupa, akawaachia siku ileile kati ya kuku wake wa kienyeji. Siku ya tano wawili wakazubaa, mabawa yakalegea, kinyesi kikawa cha kijani. Hapo ndipo alipomwita mchanjaji. Siku tatu baadaye banda likawa karibu tupu, na lawama zote zikaenda kwa chanjo.

Tupige hesabu pamoja. Virusi vya mdondo (wengine mnauita kideri), ugonjwa wenye dalili hizo, vikishaingia kwa kuku, dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 15, mara nyingi siku ya tano au ya sita. Chanjo nayo inahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Kwa hiyo kuku aliyechanjwa Jumatatu akafa kwa mdondo Alhamisi, mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeshamwingia kabla chupa haijafunguliwa. Chanjo haitibu. Anachanjwa kuku mzima, akiwa mzima.

Jambo moja nakubali: mchanjaji anayetoka kwenye banda lenye vifo akaja kwako na viatu vilevile na mikono isiyonawa, anaweza kukuletea mdondo. Hata hapo si chanjo iliyouleta, ni mikono yake. Mpe maji na sabuni kabla hajagusa kuku.

Kuna na wale wasemao kuku wa shamba hawahitaji chanjo tena kwa kuwa "walishachanjwa kule". Walichanjwa lini? Kinga hushuka. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kule Kibaha, hurudiwa kila baada ya miezi 3: tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawasawa. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, lakini usiiache juani kwenye kikapu cha bodaboda kutoka mjini hadi Buhongwa.

Nasisitiza jichoni, si kwenye maji ya kunywa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua chanjo hai. Tena kuku mgeni ndiye wa mwisho kufika kwenye chombo cha maji, maana wenyeji humdonoa na kumfukuza. Unadhani umechanja banda zima, kumbe yule uliyemwonea huruma hajapata hata tone. Mshike, dondosha, subiri apepese jicho, ndipo umwachie.

Ninavyotaka mimi ni hivi. Chanja kuku wako wiki mbili kabla wageni hawajafika. Wageni wakifika, wakae banda la mbali wiki tatu, na chombo chao cha chakula na cha maji. Kila asubuhi hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho. Wakimaliza wiki hizo wakiwa wazima, watenganishe na wenyeji kwa wavu tu, waonane siku kadhaa kabla ya kuchanganyika. Ile desturi ya kumwingiza mgeni bandani usiku "aamke amezoeleka" nimeshaona inavyoishia: damu utosini alfajiri.

Mwingine huniambia: "Nimewapa oksitetrasaiklini, wakapona mdondo." Hawakupona mdondo kwa antibiotiki hiyo. Mdondo ni virusi na hauna dawa. Antibiotiki husaidia tu dhidi ya bakteria wanaodandia kuku aliyedhoofika. Mara nyingi aliyepona alikuwa na mafua ya kuku: uso umevimba, puani kamasi zenye harufu mbaya. Hayo ni ya bakteria, na hapo dawa husaidia. Pilipili, majivu na mwarobaini havitibu mdondo, na nisingependa kulirudia hili tena. Ukitumia antibiotiki yoyote, usile wala usiuze mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa ziishe.

Manyoya kunyonyoka si lazima kuwe ugonjwa. Kuku mkubwa hubadilisha manyoya, huacha kutaga, na huweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Manyoya ni protini, na sisi tuna dagaa mlangoni. Nunua wasio na chumvi, wachekeche mchanga, wasage. Kuku wa shamba mara nyingi huwa amekatwa ncha ya mdomo, punje zilizotawanyika kwenye sakafu ngumu humshinda. Mwekee chakula kwenye chombo chenye kina.

Vipele vyeusi kwenye upanga wa kichwani na kuzunguka macho si lazima viwe vidonda vya kudonoana. Huku ziwani mbu ni wengi, na mbu hueneza ndui ya kuku. Usivibandue. Safisha macho, hakikisha anakula.

Mwisho ni tumbo. Kuku akikaa wima kama pengwini, akijikamua bila kutoa yai, majirani watakuambia umkande tumbo kwa nguvu. Usifanye hivyo hata kidogo. Yai likipasukia ndani unaweza kumpoteza. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu kama robo saa, mkaushe, mweke mahali pa giza na kimya. Ikipita siku bila yai, mlete. Na kama tumbo limejaa maji na kuning'inia, kwa kuku wa mayai aliyechoka mara nyingi kiini kimeangukia ndani badala ya kushuka kwenye mrija wa mayai. Huyo usimnunulie dawa yoyote dukani kabla sijamshika mwenyewe.