Je, aliyeokoka anaweza kupoteza wokovu? Neema, toba na walioanguka katika historia ya Kanisa

Wachungaji, maparoko na makatekista huulizwa swali hili mara kwa mara: mtu aliyeamini na kubatizwa, kisha akaanguka katika dhambi kubwa au akaiacha imani kabisa, je, wokovu wake umepotea? Mara nyingi anayeuliza ni mzazi ambaye mwanawe ameacha kusali, au mlokole wa zamani aliyerudi nyuma, au mtu aliyetengwa na usharika wake na ambaye kila Jumapili hubaki nyumbani kwa aibu. Kwa sababu wao ndio wenye swali, ni vema tuanze na wakati ambapo Kanisa lilikuwa na watu wa namna hiyo kwa wingi, likalazimika kuwajibu.

Mwishoni mwa mwaka 249, Kaisari Decius wa Roma aliamuru wakazi wa dola yake watoe sadaka kwa miungu mbele ya mashahidi, na kila aliyetoa apewe hati. Zaidi ya hati 40 za aina hiyo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Ndani yake mtu hutaja jina lake na kijiji chake, hueleza kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya maofisa, amemimina kinywaji na kuonja nyama iliyotolewa. Katika mji wa Karthago, ulioko katika Tunisia ya leo, Wakristo wengi walitii amri hiyo, baadhi yao hata kabla ya kuitwa. Wengine hawakutoa sadaka, ila walinunua hati kwa maofisa ili waonekane wametoa. Wapo pia waliokataa, wakafungwa na kuteswa, na baadhi yao wakafa. Mateso yalipopungua, walioanguka walirudi kwenye mlango wa Kanisa wakiomba kupokelewa.

Majibu yalipingana. Baadhi ya waungama imani, yaani wale waliokuwa wameteswa bila kumkana Kristo, walitoa barua za kuwaombea walioanguka wapokelewe, na zikatumika hivi kwamba watu walirudi mezani pa Bwana bila toba yoyote inayoonekana. Huko Roma, padre Novatianus alishika msimamo wa upande wa pili kabisa na mwaka 251 akajifanya askofu dhidi ya Cornelius, aliyekuwa amechaguliwa kihalali. Ni haki tumweleze kama alivyokuwa: hakusema kwamba Mungu hawezi kumsamehe aliyemkana, bali alisema kwamba Kanisa halina mamlaka ya kumrudisha, na kwamba mtu huyo aachwe atubu maisha yake yote akingoja hukumu ya Mungu mwenyewe.

Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake wa Afrika walikutana mwaka huohuo wa 251 wakachagua njia ndefu. Walionunua hati wangepokelewa baada ya shauri la kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wangeendelea na toba, na kupewa amani ya Kanisa, yaani kurudishwa katika ushirika, watakapokaribia kufa. Kisha, mateso mapya yalipokuwa yanakuja, maaskofu walikaa tena na kuamua kwamba wote waliodumu katika toba wapokelewe mara moja, kwa kuwa haikufaa kuwapeleka watu vitani bila kuwapa silaha ya mwili na damu ya Kristo. Sipriani mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani tarehe 14 Septemba 258. Naona uamuzi ule wa pili una uzito kuliko nadharia nyingi, kwa sababu waliopokelewa walikuwa watu waliomkana Kristo hadharani, na waliowapokea walijua wazi gharama ya kutomkana.

Wafuasi wa Novatianus walijitetea kwa Waebrania 6:4-6, panaposema kwamba walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Andiko hilo bado huwatesa watu wengi. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, aliwajibu kwamba kisichowezekana hapo ni kurudia ubatizo, ambao ndio unaomfanya mtu upya, na kwamba mwandishi hakukusudia kuwafungia mlango wenye kutubu. Wafafanuzi wengine husema kwamba mwandishi anamzungumzia mtu anayeendelea kumkataa Kristo kwa makusudi, na huyo hawezi kupata toka kwingine msamaha anaoukataa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea wa mwaka 325, katika kanoni yake ya 8, yaani sheria yake ya nane, uliwataka makasisi wa kundi la Novatianus waliotaka kurudi waahidi kwa maandishi kwamba watashirikiana na walioanguka na kutubu.

Baada ya hapo swali lilibadilika umbo. Mwanzoni mwa karne ya 5, mwalimu wa dini aitwaye Pelagius alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa uwezo aliopewa tangu kuumbwa. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alimpinga, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukatamka kwamba neema haisamehi tu dhambi zilizopita, bali pia humsaidia mtu asitende dhambi tena. Paulo alikuwa amekwisha kusema kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba jambo hilo ni kipawa cha Mungu (Waefeso 2:8). Lakini kama kuanza ni kipawa, kudumu je? Augustino alijibu kwamba kudumu hadi mwisho nako ni kipawa, na akaongeza kwamba hakuna anayeweza kuwa na hakika, akiwa bado hai, kwamba amekwisha kukipokea.

Makanisa ya leo yameligawana jibu hilo. Kanisa Katoliki, katika tamko la Mtaguso wa Trento la tarehe 13 Januari 1547, hufundisha kwamba neema ya utakaso hupotea kwa kila dhambi ya mauti (dhambi kubwa itendwayo kwa kujua na kwa kukusudia), hata pale ambapo imani yenyewe haijapotea, na kwamba hurudishwa kwa sakramenti ya Kitubio. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la mwaka 1530, kipengele cha 12, huwakataa wanaosema kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu, na katika kipengele hichohicho huwakataa pia wafuasi wa Novatianus walionyima msamaha walioanguka baada ya ubatizo. Naona ni jambo la thamani kwamba makosa hayo mawili yamewekwa mahali pamoja, kwa maana la kwanza huwapa watu usalama wa uongo na la pili huwakatisha tamaa. Wamethodisti, wakimfuata John Wesley, na Wapentekoste wengi nao hufundisha kwamba aliyeokoka anaweza kuanguka na kupotea.

Upande wa pili wako warithi wa Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa wa karne ya 16. Sinodi ya Dort, iliyokutana Uholanzi mwaka 1618 na 1619, iliwajibu wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia Mholanzi, kwamba waliochaguliwa na Mungu hawatapotea, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye anayewashika. Nguzo yao ni Yohana 10:28: “Nami nawapa uzima wa milele, wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu.” Wengi wa wanaolinukuu fundisho hili hawajui kilichosemwa na sinodi yenyewe. Ilikiri kwamba watakatifu wanaweza kuanguka vibaya, ikamtaja Daudi na Petro, ikasema kwamba wakati mwingine hupoteza kwa muda hata hisia ya upendeleo wa Mungu, lakini Mungu huwarudisha kwa toba. Ikafundisha pia kwamba Mungu huwatunza watu wake kwa njia ya maonyo ya Neno lake. Hilo liko mbali na usemi unaosikika sokoni na mitandaoni kwamba mtu akishasema sala ya kuokoka amemaliza, aishi apendavyo.

Lipo pia kosa lililo kinyume cha usemi huo, nalo limeenea kwetu: mtu kujiona amepoteza wokovu kila jioni na kuokoka upya kila mkutano wa injili. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na desturi bora zaidi. Walokole waliungama makosa yao mapema, mbele ya ndugu, wakitegemea damu ya Yesu, wakaita kufanya hivyo kutembea katika nuru. Msingi wao ulikuwa 1 Yohana, barua iliyoandikiwa waumini, inayosema kwamba tukiziungama dhambi zetu Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Kwao kuungama kulikuwa sehemu ya maisha ya aliyeokoka, wala hakukuwa dalili kwamba hajaokoka.

Msamaha, hata hivyo, haufuti kila matokeo. Nathani alimwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika sura hiyohiyo ya 2 Samweli 12 nyumba ya Daudi ilibaki na maumivu. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mtunza hazina aliyekula fedha za usharika anapotubu, anapaswa kurudisha fedha hizo, na usharika haumnyimi neema unapokataa kumkabidhi hazina tena.

Kuhusu dhambi isiyosameheka, Marko 3:28-30 yaeleza ni wakati gani Yesu aliitaja: waandishi walikuwa wanaiona kazi ya Roho Mtakatifu wakiita ni ya pepo mchafu. Wafafanuzi wa makanisa mengi wamekubaliana kwamba ni ugumu wa moyo usiotaka msamaha, na kwamba anayelia kwa hofu ya kuwa ameitenda anaonyesha kwa kilio hicho kwamba moyo wake haujafungwa.

Anayetaka kurudi na aanze na mchungaji au paroko wake. Kwa Wakatoliki njia ni kujichunguza dhamiri, kujuta, kuungama kwa padre na kutimiza malipizi. Katika sharika nyingi za Kilutheri, aliyetengwa huzungumza na mchungaji na wazee, hupewa mafundisho, kisha hurudishwa kundini mbele ya washarika. Iwapo ni mgonjwa mahututi, familia imwite mchungaji au padre mapema bila kuona haya, hata kama mgonjwa hakusali kwa miaka mingi, kwa maana kanoni ya 13 ya Nisea iliagiza kwamba anayekaribia kufa asinyimwe Ekaristi anapoiomba.