Kupanda Enchanted Rock huku ukitazama chini

Kila ninapowapeleka watu Enchanted Rock, kilima cha mwamba mtupu katikati ya Texas, Marekani, swali la kwanza huwa lile lile: kileleni ni mwendo wa muda gani? Nusu saa. Ukiwa na mtoto anayeokota kila jiwe, weka dakika 45. Njia inayoitwa Summit Trail ina kama kilomita 1.3 tu kwenda, na inakupandisha mita 130 hivi. Kwa mpanda milima hayo ni matembezi ya kunyoosha miguu. Mimi ni mwanajiolojia, na matembezi hayo hunichukua saa tatu.

Wenzangu hupanda macho yakiwa kileleni. Mimi napanda nimeinama kama mtu aliyedondosha pete.

Njia inaanza kwa udongo, vichaka na mawe makubwa, kisha ghafla inaisha. Mbele yako hakuna tena njia, kuna kipara: mwamba mtupu wa rangi ya waridi, umeviringika mpaka hujui kilele kilipo. Chuchumaa hapo hapo. Rangi ya waridi ni ya madini ya feldispa, vijiwe vya kijivu vinavyong'aa kama kioo ni kwatsi, na vidoa vyeusi ni ulanga. Chembe zote hizo unaziona bila lenzi, na ukubwa wake unakwambia kwamba mwamba huu, ulipokuwa bado uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka, haukuwahi kufika juu. Ulipoa taratibu sana, kilomita kadhaa ardhini, miaka kama bilioni moja iliyopita. Uji unaomwagika nje, yaani lava, hupoa haraka, na chembe zake huwa ndogo mno kwa jicho. Tena unachokikanyaga ni utosi tu, maana sehemu kubwa ya bonge hili la granaiti, ndilo jina la mwamba wa aina hii, bado imefukiwa.

Basi kipara kilitokeaje? Panda kidogo, utaona ngazi pana zisizochongwa na mtu. Hizo ni kingo za magamba. Mwamba huu unabambuka kama kitunguu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka linafuata mviringo wa lile lililo chini yake. Gonga gamba lililoachana na mwili wa mwamba, litakujibu kwa sauti ya mtungi mtupu.

Maelezo tuliyosomeshwa wengi ni haya: miamba iliyolala juu ya granaiti ililiwa na mvua na mito, mzigo ukapungua, granaiti ikatanuka kuelekea juu na kupasuka. Si uongo, ila hayatoshi, kwa sababu miamba mingi imepoteza mzigo wake na haikubambuka hivi. Chukua kadi nyembamba, ishike kati ya viganja viwili, sukuma. Inabinuka katikati. Mwamba wa kuba nao unabanwa kutoka pembeni na nguvu za ndani ya ardhi, na kwa kuwa uso wake tayari umebinuka, kubanwa huko kunageuka kuwa kani inayovuta gamba kuelekea nje. Jua linamalizia kazi: mchana tabaka la juu linapata moto na kutanuka, usiku linasinyaa, ufa unatambaa. Agosti 2014, huko Twain Harte, California, kuba la granaiti lilipasuka kwa kishindo siku za joto, watu wakitazama na kupiga video. Niliirudia video ile mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri.

Kuhusu kutembea sina mengi. Granaiti kavu inashika soli ya mpira vizuri ajabu, mradi ukanyage kwa unyayo mzima na usimame wima. Woga unamfanya mtu aegemee mwamba, na akiegemea uzito unaondoka miguuni, anateleza. Ikilowa, hasa penye kuvu-mwani, yale mabaka yanayoota juu ya mawe, mshiko huo wote unapotea. Kivuli hakuna, na kiangazi cha Texas si cha mzaha, kwa hiyo anza alfajiri na ubebe maji kuliko unavyodhani. Ukisikia radi, shuka. Juu ya kipara hakuna kitu kirefu kuliko wewe. Wikendi watu hujaa mpaka lango linafungwa, basi weka nafasi mapema.

Sasa vidimbwi. Juu utakuta mabakuli mapana kwenye mwamba, mengine yana maji, mengine changarawe, mengine nyasi. Safari yangu ya kwanza nilikalia bakuli kavu, nikapumzisha buti ndani yake na kula chakula changu kwa raha zote. Baadaye ndipo nikajua nilikuwa nimeketi juu ya kitalu.

Maji ya mvua yakituama kwenye kijishimo, yanaifanya feldispa iwe udongo wa mfinyanzi. Chembe zinalegea, upepo unazipeperusha, shimo linapanuka. Vumbi linakusanyika, mimea midogo inashika, halafu nyasi. Na ndani ya maji ya msimu wanaishi uduvi wa maji baridi, wembamba, karibu wa kioo. Kidimbwi kikikauka wanakufa wote, lakini mayai yao yanabaki katika lile vumbi, yanavumilia jua na baridi yakisubiri mvua. Vumbi lile ndilo nililolikanyaga kwa buti. Mbwa hawaruhusiwi Summit Trail, na nimesikia watu wakinung'unika. Mimi kwa upande wa uduvi nasema afadhali.

Kuna pia pango karibu na kilele, lililotokea magamba na mawe makubwa yalipoangukiana. Usiingie bila tochi na mtu anayelijua.

Ukipata nafasi ya kulala kambini, usiwahi usingizi. Watonkawa, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walisimulia juu ya mioto ya mizimu kileleni na milio ya kukwaruza na kuguna usiku. Wanajiolojia tunasema ni mwamba uliopata moto mchana unaosinyaa kwenye baridi. Ninaamini hivyo kabisa, na bado siku nilipoisikia nilitoa kichwa nje ya hema, nikatazama juu kwa muda mrefu.